Alichokisema Gwamaka Ukumbini

Siku ya Jumamosi barabara ya mpakani pale Tunduma haina pa kuweka mguu. Malori yamepanga foleni, madereva wamejilaza kivulini chini ya matela, wabadilisha fedha wanapita na mabunda yao ya kwacha, na wanawake wa Nakonde wanavuka na mabeseni kichwani wakiulizia bei kwa Kibemba. Katikati ya vurugu hiyo Jenista Nambeye alikuwa na meza yake ya vitenge. Aliipanga kwa rangi, vya njano mbele kwa sababu wateja wa ng'ambo ya mpaka huvikimbilia, vya buluu nyuma. Mwenyewe alivaa gauni la kitenge cha zambarau, mikono imejaa kama puto, na miguuni kandambili, maana viatu vya kisigino vilikuwa vya kanisani tu.

Alipoinua kichwa baada ya kumfungia mteja mzigo, alikuta kijana mrefu amesimamisha kitu cha miguu mitatu mbele kabisa ya meza yake.

"Kaka, hapo umesimama kwenye riziki yangu."

"Samahani dada. Nimezunguka kote, ni hapa tu ambapo malori hayanizibii jua."

"Unapima barabara? Maana nyie mkipima leo, kesho mnakuja na greda."

"Sipimi kitu. Hii ni darubini, ina kioo cheusi cha kukinga macho. Nawaonyesha watu jua."

Jenista akamtazama toka chini kwenda juu. Viatu vimejaa vumbi jekundu la Mbozi, suruali ya kaki, shati jeupe limepigwa pasi na mtu asiyejua, kila mkono una mistari miwili. "Jua watu wanaliona bure. Wewe unawauzia shilingi ngapi?"

"Na mimi ni bure."

"Kumbe. Sasa jioni unakula nini?"

Waliokuwa karibu wakacheka, na kicheko kikaita wengine. Mama mmoja wa Zambia akasogea na beseni lake.

"Mulishani, mayo," kijana akamsalimu, "karibu uchungulie." Yule mama akachungulia, akakaa hapo muda mrefu, akasema jua lina madoa kama ndizi iliyoiva. Kisha akageuka akanunua vitenge viwili. Mpaka jioni meza ya Jenista ilibaki na vya buluu tu.

"Na wewe dada? Wote wameona, bado mwenye meza."

"Mimi hapana."

Alilijibu hilo bila utani, na kijana hakumlazimisha. Aliitwa Gwamaka, mzaliwa wa Ibaba, kule milimani Ileje. Alisomea mambo ya sayari na mawe yanayoanguka toka angani, na kazi yake ilikuwa kukichunguza kile Kimondo cha Mbozi na kuwaeleza wageni wanaokuja kukitazama. Jenista alimpa namba ya simu, akamwambia ni ya biashara.

Biashara hiyo ilianza siku ya pili yake.

"Haloo, Bwana Sayari."

"Nilikuwa naulizia kitenge."

"Cha nani?"

"Cha mama yangu."

"Rangi gani anapenda?"

"Ngoja nimuulize, nitakupigia tena kesho."

Alipiga kesho, na keshokutwa, na kitenge hakikununuliwa mpaka walipokwisha kuitana mpenzi. Jumapili baada ya ibada Gwamaka alikuja nyumbani kwa akina Jenista, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri sindano. Mama Jenista, mwanamke mnene wa sauti ndogo, alimpenda siku hiyo hiyo kwa sababu alimaliza chakula chote. Baba Jenista, mfanyabiashara wa samaki, aliuliza swali moja tu: "Hizo sayari zina ajira?"

Swali lilikuwa halali. Mkataba wa Gwamaka ulikuwa unakwisha mwisho wa mwaka. Kulikuwa na nafasi moja aliyoitegemea: mafunzo ya mwaka mzima ng'ambo, ya kuwafundisha wataalamu wa sayari namna ya kuzungumza na wananchi wa kawaida, na ukitoka huko una kazi. Sharti lake lilikuwa kupiga video ukiongea mbele ya watu wa mji wako. Alikwisha kujaribu mara moja, wakamkataa.

"Walisema sina mtu ndani ya maelezo yangu," alimwambia Jenista kwenye simu. "Nina mawe tu."

"Hawajakosea. Nisomee ulivyoanza."

Akasoma. Alikuwa bado kwenye uzito wa kimondo Jenista alipomkata.

"Mpenzi, nimesinzia na nimesimama. Ongea kama unavyoongea na mimi."

"Na wewe nakutania."

"Basi watanie."

Gwamaka alimpeleka kukiona kimondo chenyewe mwezi wa saba, baridi ya Mbozi ikiwa imekaa sawasawa. Waliketi kwenye majani, yeye amemvalisha koti lake, na hapo ndipo alipomuuliza kwa upole kwa nini siku ile hakutaka kuchungulia jua. Jenista alichomoa majani mengi kabla ya kusema.

Alikuwa darasa la saba mwaka ule jua lilipopatwa. Nyumbani kulikuwa na mdogo wake, Amoni, mtoto wa kunyonya. Majirani walimwambia mama kwamba kivuli kile kikimpitia mtoto mchanga atadhoofika. Mama alikuwa anapika maharage uani. Mchana ulipoanza kufifia akaliingiza jiko la mkaa ndani, akafunga mlango, akaziba dirisha kwa blanketi, akamlaza mtoto ubavuni. Jenista aliporudi toka shule aligonga akachoka, akapitia mlango wa nyuma. Akamburuta mama mpaka uani, mama akatapika, akazinduka. Amoni hakuamka.

"Baba alikuwa Mpulungu, ziwani, kufuata samaki. Alivyorudi tukamwambia homa. Mpaka leo anajua ni homa. Tunaojua ni mimi na mama."

Gwamaka alimshika mkono, na machozi yalimtoka yeye kabla ya Jenista. Jenista hakumwomba asimwambie mtu. Hakuona kama kuna haja.

Posa ilipelekwa mwezi wa nane, wazee wa Ileje wakaja na mshenga wao, ikapokelewa. Harusi ikapangwa Desemba. Na mwezi wa tisa Gwamaka akaazima ukumbi wa kanisa kwa ajili ya mazungumzo yake, akaalika mji mzima.

Mama Jenista aliwekwa kiti cha mbele, kama mama mkwe. Alivaa kitenge kipya cha kijani chenye maua meupe, kilemba chake amekifunga juu, na mkoba mapajani. Baba hakuwepo, alikuwa anashusha mzigo wa samaki. Pembeni alikaa Tupokigwe, mwenye meza inayopakana na ya Jenista, na nyuma wakajaa watu wa sokoni. Kijana wa kamera akaashiria. Gwamaka, ndani ya suti ya kuazima iliyomfupia mikono, akasogea mbele.

"Leo sianzi na nyota," alisema. "Naanza na mama mmoja wa hapa hapa Tunduma, siku ile jua lilipopatwa. Alikuwa anapika maharage uani."

Jenista alihisi masikio yake yamejaa maji. Alisikia jiko. Alisikia mlango, na blanketi la dirishani, na mtoto wa kunyonya. Gwamaka hakutaja jina. Alisema kwa sauti nzuri, ya upole, akisimama pale panapostahili kusimama. Kisha kichwa kimoja kikageuka kutazama kiti cha mbele. Kikafuata cha pili. Mtaani mtoto aliyezikwa kesho yake siku ile alikuwa mmoja tu, na waliobeba jeneza lake dogo walikuwa humo ndani.

Mama Jenista hakuinuka. Kuinuka kungekuwa kukiri. Alikaa, akasikiliza mpaka mwisho habari za mwezi unavyolipita jua na kwamba kivuli chake hakimdhuru mtoto, kinachoua ni hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa, na watu walipopiga makofi naye akapiga, taratibu, kama watu wote.

Gwamaka akashuka, jasho linamtoka, uso unang'aa. "Shikamoo mama. Umeonaje?"

"Marahaba. Umeongea vizuri, mwanangu," akasema, akaufunga mkoba wake.

Kabla jua halijazama maneno yalikuwa yamefika kwenye mzigo wa samaki. Baba Jenista aliingia nyumbani, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama Jenista. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Hakugomba. "Miaka yote hii," alisema, "nimekuwa nikimlaumu Mungu bure." Akachukua koti lake, akavuka mpaka kwenda kwa kaka yake Nakonde, siku zikapita hajarudi. Mama aliacha kwenda kwenye kikundi chake cha kanisani. Alifagia uwanja ule ule asubuhi na mchana.

Gwamaka alikuja na mshenga kuomba radhi. Mama akampokea vizuri, akampa chai. Jenista alimngoja nje, kwenye geti.

"Sikutaja jina, Jenista. Nilidhani hakuna atakayejua."

"Hapa si ng'ambo. Hapa mtu akipiga chafya mtaa wa Sogea, Nakonde wanajua amelala dirisha wazi."

"Kuna mama wa Mbozi amesikia habari hiyo, amenipigia. Anasema alizoea kulala na jiko ndani wakati wa baridi. Sasa analitoa."

"Nafurahi kwa huyo mama. Lakini mimi nina mama yangu." Akajifuta pua kwa ncha ya khanga. "Ulikuwa na siku ngapi za kuniuliza? Ulinipigia asubuhi ile ile kuniuliza tai ya rangi gani."

Gwamaka akainamisha kichwa. "Niliogopa utakataa."

Hilo ndilo lililomuuma Jenista kuliko yote, na ndilo pekee lililomfanya amwamini tena kidogo, maana lilikuwa kweli. Gwamaka alinukia sabuni ya kufulia. Jenista alitaka kuegemea lile shati lake la mistari miwili, akajizuia.

"Nenda kwa baba," alisema mwishoni. "Umewaambia watu wote isipokuwa yeye. Mwambie kwa mdomo wako mama alivyoogopa. Mwambie alitaka mtoto apone. Akirudi, tutaongea ya kwetu."

Akaenda. Siku tatu Jenista alipanga vitenge bila kuangalia rangi, Tupokigwe akawa anampangia upya nyuma yake. Siku ya nne simu ikaita.

"Mpenzi. Amekubali, anarudi Jumapili."

Jenista akakaa juu ya robota. "Kweli?"

"Tumeongea mchana kutwa. Amelia. Amesema atamsamehe mama yako, ni mkewe." Sauti ikapungua. "Ila ana sharti. Hataki kuniona nyumbani kwake. Wala kusikia posa yangu. Amesema kila akiniona ataliona jiko."

"Ukamjibu nini?"

"Nikakubali."

Lori likapiga honi refu. Jenista alingoja lipite.

"Umekubali."

"Ni kwa ajili ya mama yako. Niliharibu, nimetengeneza. Hata hiyo nafasi ng'ambo wamenipa, ningeondoka tu Januari. Nilifikiri nikijitoa mimi, nyie mtakuwa sawa. Si ulitaka arudi?"

"Nilitaka arudi. Nilitaka na wewe. Ningeweza kukaa na baba mwaka, miwili, nikambembeleza. Ni baba yangu, namjua. Hukunipigia hata mara moja kuniuliza?" Hakuinua sauti. "Ulichukua ya mama yangu ukawapa watu wa ukumbini. Sasa umechukua ya kwangu ukampa baba. Yote kwa wema wako, Gwamaka. Na mara zote hukuniuliza mwenyewe."

"Jenista, nitarudi Nakonde leo hii. Nitamwambia sikubali."

"Akiwa amekwisha kufunga begi la kurudi kwa mke wake? Umwambie nini?"

Jenista akakata simu. Mshenga alirudishiwa vitu vya posa wiki hiyo, vimefungwa kwa kitenge cha buluu.

Jumapili Baba Jenista aliingia na koti begani na samaki wawili wakubwa kwenye mfuko. Mama alikwisha kusonga ugali. Alikuwa amevaa kile kitenge cha kijani, kilemba hakuvaa, akawa anaweka mboga. Mume wake akaketi mahali pake pa zamani. Hawakutazamana bado, lakini alisogeza bakuli la mchuzi upande wa mkewe, likafika karibu kabisa na sahani yake. Jenista akapiga goti na jagi na beseni kumnawisha baba.

Simu yake ikaita juu ya kabati, jina la Gwamaka likawaka. Ikaita, ikatembea kwa mtetemo mpaka ukingoni.

"Pokea, mwanangu," mama akasema kwa ile sauti yake ndogo.

Baba aliendelea kunawa, kidole kimoja kimoja.

Jenista alimimina maji polepole, jagi likiwa limeshikwa kwa mikono miwili, mpaka simu ilipokata. Kisha akamuuliza baba kama maji yamemtosha.