Risasi Isiyotoka

Jumanne, mchana

Verlin Stroud alichora mnada mzima kwa chaki juu ya meza ya kazi ya Lorene. Zizi la ng'ombe hapa. Ukumbi wa wanunuzi hapa. Ofisi ya malipo hapa, kijumba kidogo kilichobanwa pembeni, na mbele yake duara moja.

"Huyu ni Orval, mlinzi," alisema, akiligonga lile duara kwa kidole. "Mzee mmoja, bastola moja, na tumbo limeifunika. Nyuma yake kuna ukuta wa ubao. Nyuma ya ubao kuna karani. Basi. Alhamisi wanunuzi wanalipa kabla ya kwenda kula. Wakienda kula, sisi tunaingia."

"Karani ni Wilma," Lorene alisema. "Mkewe Orval."

"Namjua karani."

"Nasema tu."

Dub, mdogo wake Lorene, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anatafuna mkate wa mahindi. "Dada, tangu lini unawahurumia watu wa mnada? Walipouza ng'ombe wa baba kwa bei ya kuku, nani alituhurumia?"

Hilo ndilo lililomwingiza kwenye shughuli hii. Benki ilichukua shamba la kina Haskew, kama ilivyochukua mashamba mengi kusini mwa Missouri miaka ile, na ng'ombe wao wakanadiwa palepale. Baba yao alisimama na kofia mkononi, akawatazama mpaka ndama wa mwisho. Hakumaliza msimu wa baridi. Verlin alikuja baada ya mazishi, rafiki wa Dub wa gerezani, akahamia kwa Lorene na sanduku moja la nguo. Alijua kumsikiliza mtu. Wazo la mnada alilileta kama haki, si kama wizi. Lorene alikubali kwa sharti moja tu: asiumizwe mtu.

"Haya, Mama Risasi," Verlin alisema. "Tupe dawa."

Kibanda kilikuwa cha Lorene. Alikuwa anatengeneza risasi kwa ajili ya wawindaji na walenga shabaha wa kaunti nzima: anaosha maganda ya zamani, anapima baruti, anakaza vichwa vipya kwa mashine ya mkono. Kila mteja aliuliza swali lilelile, risasi bora ni ipi. Na yeye aliwauliza wote vilevile.

"Ya kufanya nini?"

"Ya kwangu, ya kumsimamisha mtu," Verlin alisema. Aliweka mezani rivolva yake kubwa, ile ya risasi nzito za magnam. "Nataka kitu kigumu. Kinachopasua mlango wa gari."

"Ulisema haumizwi mtu."

"Na haumizwi. Lakini mtu akiona mdomo wa hii, nataka nijue mwenyewe ndani mna nini. Inanipa utulivu."

Lorene alitazama chaki. Duara, ubao, karani. Kichwa kigumu hakisimami kwenye mtu. Kinapita. Kingepita kwa Orval, kingepita kwenye ule ubao wa msonobari, na kingemkuta Wilma kwenye kiti chake.

"Ngumu haikufai," alisema. "Chukua hii yenye pua ya shimo. Ikigonga inachanua. Ikiingia haitoki."

"Ikiingia haitoki." Verlin alitabasamu. "Huyu mwanamke nampenda bure?"

"Na mimi?" Dub aliuliza.

"Wewe bastola ya baba, ile ya thelathini na nane, inakutosha. Nitakupa za karatasi." Zile zilikuwa risasi za pua bapa, baruti kidogo, za kutobolea karatasi za shabaha. "Hazirudi nyuma kwa nguvu. Mkono wako unatetemeka."

"Hautetemeki!"

"Weka mkate chini tuuone."

Verlin alicheka mpaka akakohoa. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, alitoa mfukoni bastola nyingine, ya risasi za ishirini na mbili, ndogo kama kitu cha kuchezea. "Na hii. Nipe zile za polepole. Zisizo na kelele."

"Hii haimo kwenye mpango."

"Ya mbwa. Pale machimboni tutakapobadilishia gari."

Lorene alihesabu risasi sita, akaziweka kando. "Nitakupa Alhamisi asubuhi. Hizi nilizonazo zina unyevu."

Machimbo ya mawe ya zamani yalikuwa mpakani mwa shamba la baba yake. Alikulia pale. Hapakuwa na mbwa, wala nyumba ya kufugia mbwa, wala mtu.

Jumatano, asubuhi

Alimkuta Dub anaosha pikapu.

"Ile ndogo ni ya kwako," Lorene alimwambia.

"Ipi?"

"Ya mbwa. Mtu hachukui risasi ya polepole kwa mbwa asiyekuwepo. Anaichukua kwa mtu atakayekuwa karibu, amempa mgongo."

Dub aliminya sifongo. Maji machafu yakachuruzika kwenye viatu vyake. "Verlin alilala kitanda cha chini yangu miaka mitatu. Jamaa walipotaka kunichoma kisu, yeye ndiye aliyekaa mlangoni. We umenifanyia nini nikiwa ndani? Uliniletea soksi."

"Dub, sikiliza."

"Nimekusikiliza tangu nazaliwa, dada. Umechoka na Verlin, mwambie Verlin. Mimi usinichanganye."

Alasiri Verlin alizijaribu risasi za magnam nyuma ya kibanda. Alipiga mbili kwenye gogo la mwaloni bichi. Verlin alipoondoka, Lorene alilitazama lile gogo. Tundu la kuingilia lingezibwa kwa kidole. Alipolipasua kwa shoka, ndani palikuwa pamechimbika kama pango.

Alirudi mezani. Akazichukua zile sita ndogo, akazichomoa vichwa, akamwaga baruti, akatia tone la mafuta ndani ya kila ganda, akazifunga tena, akazipangusa mpaka zikang'aa.

Boksi la magnam lilikuwa pale pale, kiganjani kwake. Kuziua zile nazo ingekuwa kazi ya nusu saa. Aliligusa. Lakini ndani ya ofisi ile Dub angesimama bega kwa bega na Verlin, na Orval alikuwa na bastola yenye risasi za kweli. Orval akichomoa, na Verlin asiweze kujibu, atakayelala chini ni nani? Alijiambia Verlin ataionyesha tu. Alijiambia hivyo mara nyingi. Kisha akafunga boksi.

Alhamisi, mchana

Pikapu ilisimama mbele ya mnada, injini inawaka. Lorene alishika usukani. Ng'ombe walikuwa wanalia zizini, na harufu ya nyama ya kukaanga ilitoka mkahawani, ambako wanunuzi walikuwa wamejazana.

Verlin na Dub waliingia wamefunga vitambaa usoni.

Mwanamume mmoja alipita na mtoto begani, akamgusia Lorene kofia. Lorene akamjibu kwa kichwa.

Kisha mlio. Mmoja.

Aliujua. Kila risasi ina sauti yake, na ile aliipimia baruti kwa mkono wake. Baada ya mlio, mwanamke akapiga yowe, na hakuacha.

Walitoka mbio, mifuko miwili. Dub alikuwa mweupe kama chokaa.

"Endesha!" Verlin alibweka. "Endesha, mama, endesha!"

"Nini? Imekuwaje?"

"Orval alinijua," Dub alisema. "Nilisema tu lete mfuko, akanijua sauti. Akasema, Dub Haskew, baba yako angeona haya. Hakuchomoa, dada. Mikono yake ilikuwa juu. Ilikuwa juu!"

"Funga mdomo," Verlin alisema.

"Ilikuwa juu!"

"Na ni nani aliyefungua mdomo wake ovyo ndani? Eh? Ni mimi?"

Lorene aliendesha mpaka machimboni.

Gari jingine lilikuwa limefichwa nyuma ya rundo la mawe. Dub alishuka, akabeba mifuko yote miwili, akainama kuitupa kwenye buti. Lorene alibaki kwenye usukani. Alimwona Verlin kwenye kioo cha nyuma. Alikuwa anatembea taratibu, kama mtu anayekwenda kumsaidia mwenzake, na mkono wake wa kulia ulikuwa umetoka mfukoni.

Aliinua ile ndogo mpaka nyuma ya sikio la Dub.

Tik.

Dub hakusikia. Verlin aliitazama bastola. Akavuta tena. Tik. Safari hii Dub aligeuka, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto aliyeamshwa.

"Verlin? We Verlin?"

Verlin aliitupa ile ndogo, akaruka kando kwenye mawe na kupeleka mkono kiunoni, kwenye magnam. Lorene alirudisha gia nyuma na kukanyaga mafuta. Bampa lilimpiga Verlin pajani, likambana kwenye jiwe. Mfupa ulilia. Bastola kubwa ikaruka, ikateleza kwenye kokoto hadi miguuni pa Dub.

Dub aliiokota. Akamwelekezea Verlin, machozi yakimtiririka.

"Usimuue," Lorene alisema akishuka. "Amekwisha. Hawezi kusimama."

"Alitaka kunimaliza!"

"Nilikwambia jana, ukaniambia soksi."

Verlin alikuwa anahema chini, jasho limemjaa. Alimtazama Lorene, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kumkumbuka. "Umenipa takataka, mrembo," alisema. "Na ile nyingine? Mbona ile hukuiharibu?"

Lorene alimpa mgongo.

Waliondoka na lile gari jingine, Dub kwenye usukani. Dub aliwasha redio ndogo ya kunasa mawimbi ya polisi. Sauti ya kike ilikuwa inasema mlinzi wa mnada yu hai, anapelekwa hospitali ya kaunti, anavuja damu ndani kwa ndani, jeraha la kutokea halionekani.

"Nipeleke hospitali," Lorene alisema.

"Umechanganyikiwa."

"Kile kichwa kimechanua humo ndani. Ngozi yake ya shaba huwa inaachana na kiini, vinakwenda njia mbili. Wakipata kipande kimoja watadhani wamemaliza."

"Wana mashine, dada! Wana madaktari!"

"Nipeleke, Dub."

Alimpeleka. Alisimama kando ya mlango wa dharura bila kuzima injini. Lorene alishuka, akageuka kumwambia asubiri, au aende, hakujua bado lipi. Mlango wa gari ulikuwa umeshafungwa kutoka ndani. Dub alikuwa anatazama mbele. Gari likaondoka na mifuko yote, likakata kona kuelekea barabara ya kusini, wala taa za breki hazikuwaka.

Alhamisi, jioni

Daktari kijana alitoka kumsikiliza akiwa na damu kwenye mikono ya nguo. Hakumuuliza amejuaje. Aliuliza vipande vingapi, vya ukubwa gani, akarudi ndani anakimbia. Muuguzi ndiye aliyemtazama Lorene kwa muda mrefu, kisha akaenda kwenye simu. Lorene alimwambia pia kwamba kuna mtu amevunjika mguu kule machimboni.

Akakaa kwenye benchi la korido. Wilma alikuwa amekaa mwisho wa benchi lilelile. Blauzi yake ya maua ilikuwa imekauka damu kifuani, na mkoba aliupakata kwa mikono miwili.

"Lorene," alisema. "Umekuja, hata baada ya aliyoyafanya Dub. Mungu akubariki. Orval alikuwa anampenda sana baba yako."

"Mama Wilma..."

"Nilikuwa nyuma yake kabisa. Ule ubao ni kama karatasi tu. Daktari anasema nina bahati, ingepita ningekuwa nimekufa. Imebaki kwake yote." Alitikisa kichwa. "Mtu unashukuruje kwa kitu kama hicho?"

Lorene alijikuta amesimama. "Niliichagua mimi," alisema. "Alitaka ngumu. Nikajua utakuwa nyuma. Nikampa hiyo ili isikufikie."

Wilma hakuelewa. Kisha, polepole, akaelewa. Lorene aliona kila hatua ya kuelewa kwake ikipita usoni.

"Ulikaa," Wilma alisema, "ukatufikiria."

"Ndiyo."

"Ukanifikiria mimi. Kiti changu kilipo."

"Ndiyo, mama."

"Na Orval ulimfikiriaje?"

Korido ilikuwa na taa moja inayovuma. Mwishoni kabisa askari wawili wa sherifu walikuwa wameingia, wanaulizia mapokezi.

Wilma hakupiga kelele. Aliinua mkono akawaita askari, kama mtu anayemwita mhudumu wa mkahawa. "Ni huyu," aliwaambia.

Walimfunga pingu kwa mbele. Walipokuwa wanamsomea haki zake, mlango wa upasuaji ulifunguliwa na daktari kijana akatoka ameshavua kofia. Alisema wamevipata vipande vyote viwili, kama alivyoambiwa. Halafu akamshika Wilma kiwiko na kusema wamechelewa, damu ilikuwa imekwenda nyingi mno.

Askari mmoja alimvuta Lorene kuelekea mlango wa nje. Kisha askari akasimama kidogo, kwa sababu Wilma alikuwa anawafuata. Mwanamke yule alikuja mpaka mbele ya Lorene, akazitazama zile pingu, kisha uso wake.

"Mdogo wako yuko wapi?" aliuliza.

"Sijui, mama. Ameondoka."

"Amekuacha?"

"Ndiyo."

Wilma alitikisa kichwa mara moja. Kisha akageuka, akaufungua ule mlango wa upasuaji kwa mkono wake mwenyewe, na akaingia kwa mumewe.