Vitundu vya Msumari

Nilipokuwa darasa la sita, kila siku nikitoka shule nilipitia kwanza kwenye nyumba yetu mpya. Ilikuwa kuta na kenchi za paa tu. Ukisimama sebuleni unaona mawingu. Lakini nilivyokuwa naipenda, wewe acha tu! Kisha naenda barazani kumsaidia Bibi Chausiku, mama yake baba, kuchambua sufi. Ilitoka kwenye misufi ya shamba letu la Kiwangwa. Bibi anatoa mbegu, anajaza viroba, maana baba alisema bati tupu litatuoka kama mikate. Lazima chini yake tulaze kitu cha kuzuia joto.

Basi, mambo yalikuwa sawa mpaka siku Sixbert, mwenzangu wa darasani, aliponiita kwao.

Baba yake, Mwalimu Pantaleo, naye alikuwa anaezeka mwezi uleule. Nikainua macho. Chini ya bati lote, karatasi ya rangi ya fedha ya kuzuia joto, inang'aa kama kioo.

"Imetoka Dar," Sixbert akasema. "Eti Ally, nyinyi mnaweka sufi? Sasa hiyo nyumba au godoro?"

Wenzetu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini ndani nilikuwa naungua. Siku hiyo sikuchambua sufi. Nilimwambia bibi kichwa kinauma.

"Baba, na sisi tuweke ile ya fedha," nikasema tukila.

Baba yangu, Bwanausi, ni mpishi pale chuoni Mbegani, na mambo yote anayapeleka kipishi. "Ya fedha, pesa zetu zitatosha sebule na chumba chako basi. Cha bibi yako kitabaki bati tupu. Sufi inatosha vyumba vyote. Lakini mimi sipakui kabla sijaonja. Tutaonja."

Kesho yake Fundi Ishaka akapanga uwanjani masanduku matatu, kila moja limeezekwa kipande cha bati. La kwanza bati tupu. La pili akaweka karatasi ya fedha. La tatu sufi, na juu ya sufi, chini ya bati, akalaza nailoni.

"Nailoni ya nini, fundi?" nikauliza.

"Alfajiri bati linapoa, linatoa jasho kwa ndani. Nailoni inayapokea yale matone, inayateremsha nje. Sufi ikilowa imekwisha. Hata tundu la sindano silitaki."

Ndani ya kila sanduku akasimamisha mshumaa. Jua la mchana likapiga. Tulipofungua, mshumaa wa sanduku la kwanza ulikuwa umelala chali. Ile miwili mingine imesimama wima.

"Joto tumelionja," baba akasema. "Kesho asubuhi tuonje jasho."

Mimi lile neno la tundu nilikuwa nimelishika. Jioni, wakati bibi anaswali magharibi, nikainua bati la sanduku la tatu, nikatoboa nailoni kwa msumari. Mara ngapi, sikuhesabu.

Asubuhi fundi akaingiza mkono. Sufi imelowa chapachapa.

"Ajabu hii," akasema.

Baba akavitazama vile viroba barazani, akashusha pumzi. "Basi tena. Tuweke ya fedha."

Nilifurahi. Dakika moja hivi. Halafu nikamsikia bibi, ambaye huniita mume wake kwa utani: "Chumba changu kitangoja, mume wangu. Joto nimelizoea." Vidole vyake bado vina sufi. Akaanza kufungua viroba awagawie majirani wajazie mito. Macho yangu yakaenda kwenye sanduku la kwanza. Mshumaa bado umelala.

"Baba," nikasema, "mimi ndiye niliyetoboa."

Fundi akaivuta nailoni, akaiinua juani. Vitundu vyote vikaonekana.

"Kwa nini?" baba akauliza.

"Kina Sixbert wana ya fedha. Nilitaka na sisi tung'ae."

"Ikishapigwa siling bodi," fundi akasema, "huko kung'aa angekuona nani? Panya?"



Baba hakunipiga. Tulirudia kuonja kwa nailoni nzima, na alfajiri sufi ilikuwa kavu kabisa. Tukaweka sufi kila chumba, isipokuwa jikoni, maana inashika moto upesi. Adhabu yangu ilikuwa kukagua nailoni yote ya nyumba kwa vidole. Tundu nikiliona, naziba. Siku tatu shingo iliniuma.

Masika ilipoingia, Sixbert alikuja kwetu akakuta mvua. Akakaa kwenye mkeka chumbani kwa bibi, akasikiliza.

"Mbona kwenu haipigi kelele? Kwetu mpaka tunazima redio." Akatazama juu. Ule uso niliufahamu. Ni wangu mimi, siku ile kwao.

Nilitaka kumrudishia neno lake, "Ndilo lile godoro." Nikamsogezea mto tu.

Alipoondoka, bibi akaniita. "Mume wangu, kutamani cha mwenzio kunampata kila mtu. Hata mimi kumenipata sana. Kosa lako ni ule msumari, na uungwana wako ni kusema mwenyewe. Ungenyamaza, leo mimi ningekuwa ndani ya lile sanduku la kwanza. Siku nyingine wivu ukikushika, njoo uniambie. Usiutafutie msumari."