Nyumba Isiyomwitikia Belmira

Kila alasiri, jua lilipoanza kulegea, Belmira alikaa jikoni akikuna nazi. Mama mkwe wake, Bibi Saugina, alitwanga kisamvu uani. Telma, binti wa Belmira, aliokota korosho chini ya mikorosho nyuma ya boma.

"Telmaa!" Bibi aliita. "We mtoto, maji yamekwisha!"

Nyumba ilitangulia kujibu.

Haikuwa nyumba waliyolala. Ilikuwa ile ndogo ya matete, upande wa pili wa ua, ambayo mlango wake ulifungwa siku aliyozikwa Mzee Chilengue. Ilitoa sauti ya chini yenye mkwaruzo, kama nyuki waliofungiwa mtungini. Mmmmm. Kisha ikanyamaza.

"Nakuja, bibi!" Telma aliitikia kutoka mikoroshoni.

Bibi hakusimamisha mchi wake. Belmira hakuinua kichwa. Walikuwa wameizoea sauti ile kama mtu anavyozoea jino bovu. Hata hivyo kuku hawakuchakura karibu na mlango ule, na Belmira alipofagia ua, ufagio wake uliishia mbali na kizingiti.

Mzee Chilengue alikuwa mume wa Bibi Saugina na baba mkwe wa Belmira. Kijiji kizima kilimjua kwa timbila zake, ala za mbao zinazopigwa kwa virungu. Alichonga vibao vya mti wa mwenje, akavipanga kwenye fremu, na chini ya kila kibao akafunga kibuyu cha kukuza sauti. Ndani ya nyumba ile ilibaki timbila yake kubwa. Kwa desturi yetu, ala ya fundi aliyefariki haiguswi mpaka ndugu zake waifungue kwa maneno na kinywaji. Mwanawe, mume wa Belmira, alikuwa migodini Afrika Kusini. Kila mwaka alisema atarudi. Kila mwaka mlango ulibaki umefungwa.

Nyumba ilimwitikia Bibi. Ilimwitikia Telma. Ilimwitikia Mzee Fabiao, mdogo wake marehemu, kila alipokohoa tu. Belmira peke yake haikumwitikia. Yeye alikuwa na sauti nzito kuliko wanawake wote wa kijiji, tena alikuwa ameolewa kutoka mbali. Zamani alikuwa akiita watu kwa sauti kubwa. Siku hizi alikwenda kumtafuta mtu kwa miguu ili asisikie ule ukimya.

Jambo jingine hakumwambia mtu. Mwaka alioolewa, Mzee Chilengue alimpa kibuyu kikubwa kilichokatwa mdomo.

"Mkwe wangu, kiweke hiki juu ya moto," alisema. "Kitunze. Nitakuja kukichukua."

Mzee alifariki kabla ya kukichukua. Belmira alikitia chumvi, akakiacha kikining'inia palepale juu ya meko. Hakuthubutu kukihamisha. Nyakati nyingine, akiwa peke yake jikoni, alitazama mlango na kuyakumbuka yale maneno: nitakuja kukichukua.

*

Shida ya kijiji ilikuwa hii. Timbila za kikundi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Wazee waliozijua nyimbo walikuwa wamebaki wawili, na mmoja wao haoni tena. Watoto hawakuwa na cha kujifunzia. Telma alijipigia mapaja tu kwa vijiti, akimfuatisha Mzee Fabiao anapoimba kwa mdomo.

"Mama, babu akifa hizi nyimbo nitazipata wapi?" aliuliza siku moja.

Swali lile lilimkosesha Belmira usingizi. Aliunda kamati, akapita nyumba kwa nyumba kuchangisha. Watu walitoa, kwa kuwa walimheshimu marehemu. Kamati ikaenda barabara kuu, kwa wauzaji wa vinyago, ikarudi na timbila tano mpya zinazong'aa kwa vanishi.

Siku ya kuzizindua, kijiji kizima kilikusanyika katika ua wa Bibi Saugina. Mzee Fabiao alishika virungu, akapiga. Wanawake wakaanza kuimba.

Wimbo haukukaa. Sauti za watu zilitafuta pa kutua zikakosa. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akidhani mwenzake ndiye aliyekosea. Fabiao alipiga tena, mara hii polepole, uso wake umekunjamana. Waimbaji wakanyamaza mmoja mmoja. Bibi Saugina tu, aliyekuwa amefumba macho, aliendelea kuimba kama alivyouzoea wimbo tangu usichana wake.

Mmmmm, ilisema nyumba iliyofungwa.

Bibi akaimba mstari wa pili. Mmmmm. Kila aliposhusha sauti, nyumba ilishusha. Mchana kweupe, mbele ya watu wote, nyumba na mjane waliimba pamoja, na zile timbila mpya zimelala mchangani kama samaki waliokufa.

Watu waliondoka bila kuaga.

Tangu hapo hakuna aliyetoa tena. Kisimani wanawake walimpokea Belmira kwa vijembe.

"Kumbe ulituchangisha tununue kuni za vanishi!"

"Marehemu ana masikio kuliko kamati yako, shoga."

"Mimi sitoi tena," alisema wa tatu, naye hakucheka. "Mzee amekataa. Atakayetoa tena, ataitwa na nyumba ile kwa jina lake."

*

Mwalimu Judite alihamia shule ya msingi mwaka ule. Alikuwa amesomea muziki mjini, na alikuwa jirani yao wa tatu. Aliposikia habari alikuja na mfuko mdogo, akaketi mkekani. Belmira alimpakulia ugali na matapa, kisamvu cha nazi, akamweleza yote, isipokuwa habari ya kibuyu.

"Dada Belmira," alisema mwalimu, "kabla ya kununua mlimuuliza nani?"

"Tumuulize nani? Fedha zilikuwa zimeshatimia."

"Ndipo mlipokosea. Fedha haijui muziki. Wanaochangia sanaa huanza kwa kuwauliza wenye sanaa inahitaji nini. Timbila za kijiji kimoja hupatana sauti kama ndugu wa tumbo moja. Fundi husikiliza ala ya zamani, akachonga mpya mpaka zifanane. Zile za barabarani zimezaliwa kwingine. Zina sauti yao, nanyi mna yenu."

"Na ya kwetu iko wapi?"

Mwalimu aligeuza uso. Aliutazama mlango uliofungwa.

Kisha alitoa mfukoni kibuyu kidogo. Ubavuni kilikuwa na tundu lililozibwa kwa utando mwembamba wa utumbo, umebandikwa kwa nta. "Telma, kiimbie."

Telma aliimba juu, kibuyu kikanyamaza. Akashusha, kikanyamaza. Alipofika sauti moja ya katikati, utando ulitetemeka. Mmmmm. Telma alikitupa mkekani kama kaa la moto.

"Usiogope," alisema mwalimu. "Kila kibuyu kina sauti yake moja. Ukiifikia, hutetemeka bila kuguswa. Timbila kubwa ina vibuyu vingi. Sauti ya bibi ina chake, yako ina chake, na kikohozi cha babu yako kina chake."

"Kwa hiyo si baba mkwe?" Belmira aliuliza.

"Nimekueleza kibuyu kinafanya nini," alijibu mwalimu taratibu. "Sikukueleza kwa nini aliviacha vyake vikiusikiliza ua huu."

Bibi Saugina aliweka bakuli chini. "Mwalimu, umekuja kutuvunjia mlango?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kuuliza mlango huu hufunguliwaje."

Bibi alimtazama. Kisha alicheka kidogo. "Watu wote walioleta akili zao hapa, wewe wa kwanza kuleta swali. Telma! Kamwite babu yako. Mwambie asije na kiu, kinywaji si chake."

Mmmmm, ilisema nyumba.

*

Walimpigia simu mume wa Belmira huko migodini. "Mfungulieni, mama," alisema. "Baba mdogo ni damu yake. Mimi nilikuwa naogopa tu kukiona kiti chake kitupu."

Asubuhi ya siku iliyochaguliwa, ukungu kutoka ziwa la jirani ulikuwa bado umelala juu ya ua. Watu walikuja, wakasimama mbali. Mzee Fabiao alimimina pombe ya mabibo kizingitini.

"Kaka," alisema, "hatuji kuiba. Tumekuja kuazima sauti. Watoto wako wanajipigia mapaja kama wanaofukuza mbu. Turuhusu."

Mlango ulifunguka kwa kilio kirefu, na vibuyu vyote ndani vikakiitikia kilio kile kwa pamoja. Wanawake wawili walikimbia. Mmoja wao alikuwa yule aliyesema hatatoa tena. Lakini alirudi, akachungulia juu ya bega la mwenzake.

Timbila ilisimama peke yake katikati ya chumba, na vumbi jeupe juu yake. Vibuyu vyake viliutazama ua kama macho mengi. Vyote vilikuwepo, ila kimoja. Upande wa sauti nzito, chini ya kibao kimoja, palikuwa na pengo.

"Kilipasuka," alisema Fabiao, akilishika pengo kwa kidole. "Kaka alisema amepanda mbegu ya kingine. Sikuwahi kukiona."

Mwalimu Judite aliwageukia watu. Hakuhutubia. Alimwomba Fabiao apige kibao kimoja, kile ambacho vyote hupimwa kwacho. Mlio wake ulitoka mlangoni, ukapita ukunguni. Bibi kizee mmoja kati ya waliosimama mbali alianza kulia.

"Hii ndiyo mnayoichangia," alisema mwalimu. "Sasa mmeisikia. Nani ana nta ya nyuki?"

"Mimi ninayo," mtu alijibu.

"Nani ana mwenje mkavu, ulioanguka wenyewe? Msikate ulio hai, hukua polepole mno. Nani anaotesha vibuyu? Nani anaweza kutoa siku moja ya kazi? Fedha tutaitaka kwa yale tu ambayo hatuna."

"Na fedha yenyewe atakaa nayo nani?" aliuliza mmoja wa wale wenye vijembe. "Belmira tena?"

"Si mimi peke yangu," alisema Belmira. "Nilikosea. Nilipokea michango yenu nikaenda kununua bila kuwauliza. Sasa sanduku litakuwa na kufuli tatu, na funguo kwa nyumba tatu. Wewe shika mmoja, kwa kuwa hutuamini. Na kila mwisho wa mwezi tutasema hapa, kwa sauti, kilichoingia na kilichotoka. Asiye na kitu asione haya. Atakayemlisha fundi naye amechangia."

"Haya, lete huo ufunguo," alisema yule mwanamke. "Nitauning'iniza shingoni, nikifa mje kuuomba."

Watu walicheka, kwa woga kidogo, kwa maana mlango ulikuwa wazi na vibuyu vilicheka pamoja nao.

*

Zile timbila za vanishi ziliuzwa kwa hoteli ya ufukweni iliyotaka mapambo. Fedha iliyopatikana ilinunua misumeno. Magogo ya mwenje yaliyoanguka yalitoka hata vijiji vya jirani, na shuleni watoto wakapanda miche mipya. Mzee Fabiao alichonga, akapiga, akasikiliza, akachonga tena. Alasiri mwalimu Judite aliwaleta watoto uani, wavulana na wasichana, wakajifunza kwa mzee yeyote aliyekuwa na pumzi ya kufundisha. Kila mwisho wa mwezi hesabu ilisemwa mbele ya wote. Aliyeuliza alijibiwa.

Lile pengo tu ndilo halikuzibika. Watu walileta vibuyu vya kila namna, ila Belmira hakuthubutu kukitaja kile cha juu ya meko. Fabiao alivishikilia chini ya kibao kile, akapiga, akatikisa kichwa.

"Kiziwi," alisema. "Hiki nacho kiziwi. Hiki kiziwi na mjinga."

Siku ya watoto kupiga mbele ya kijiji ilifika. Belmira alikuwa jikoni akipika. Bibi Saugina aliingia kutafuta chumvi, kama alivyofanya miaka yote bila kukiangalia kibuyu chenyewe. Alinyoosha mkono juu ya meko, kisha mkono ukasimama hewani.

"Belmira. Kibuyu hiki ulikitoa wapi?"

Belmira aliweka mwiko chini. "Alinipa baba. Alisema atakuja kukichukua."

Belmira alimimina chumvi kwenye sufuria. Alikipangusa kibuyu kwa kanga yake, akakibeba kwa mikono miwili kuvuka ua, mpaka pale ufagio wake ulipokuwa ukiishia. Alivuka.

Fabiao alikishikilia chini ya kibao, akapiga. Mlio ulikuwa mzito, mpana, ulipanda kutoka ardhini kupitia nyayo. Hakusema kiziwi. Alitoboa tundu ubavuni, akabandika utando kwa nta, akakifunga mahali pake. Kiliingia kana kwamba kilipimwa.

"Haya, mke wa mwanangu," alisema. "Ita."

"Nimwite nani, baba mdogo?"

"Yeyote. Watu wana njaa."

Belmira alisimama mlangoni. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu aite mtu hapo.

"Telmaaa!"

Nyumba ilinguruma. Ilinguruma chini kuliko ilivyowahi kumngurumia mtu mwingine yeyote, ikachukua sauti yake nzito yote, ikairudisha.

Belmira alishika mwimo wa mlango. Machozi yalimtoka, lakini alijibu kama anavyojibu mkwe aliyeitwa na mkubwa wake.

"Abee, baba," alisema. "Chumvi nimeshaihamisha."

Ndipo watoto wakaanza kupiga.