Kofia Nje ya Uzio

Frédéric Sebagenzi alikutwa amelala kifudifudi ndani ya banda la farasi jike aitwaye Mvua, shavu limezama kwenye majani makavu, koti lake limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Mvua alikuwa amejibana pembeni, ngozi inamtetemeka kama maji yaliyoguswa.

"Teke," alisema Sévère, mwenyekiti wa komite ya mbio. Yeye ndiye aliyemwona wa kwanza, asubuhi ile jua likianza kupanda. "Andika teke la farasi, Mama Inspekta. Batu balie, tuzike, tumalize."

Inspekta Pélagie Nyirahabimana alikunja sketi yake akachuchumaa. Alizaliwa juu milimani, kwa wafugaji, na ng'ombe wa baba yake walikuwa wamepiga watu wengi mateke mbele ya macho yake. Alijua teke linavyovunja. Kidonda cha Frédéric kilikuwa kisogoni, kidogo, cha duara, hakikuzidi kizibo cha chupa ya soda. Kwato za Mvua zilikuwa pana kama kisahani cha chai.

Kisha akaona mguu. Mguu wa nyuma wa kushoto wa Mvua ulikuwa umefungwa kitambaa safi, kimekazwa vizuri, fundo limetazama nje na ncha yake imefichwa chini ya mkunjo ili farasi asiifikie kwa meno. Chini ya kitambaa zilichungulia nyuzi za magome ya mgomba.

"Nani anaweza kunishikia huyu farasi?"

Akajitokeza msichana mrefu, macho yamevimba kwa kulia. Aliitwa Belyse, ndiye aliyewalisha na kuwaogesha farasi. Alimnong'oneza Mvua shingoni, na yule mnyama akatulia papo hapo. Inspekta akakata kitambaa kwa mkasi, taratibu, akakiweka kwenye mfuko wa ushahidi.

Upande wa ndani wa mguu palikuwa na mkato, wa bati lililochomoka ukutani. Lakini upande wa nje, mahali pasipo na jeraha lolote, palikuwa na matone meusi ya damu yaliyoruka na kukauka juu ya manyoya.

Inspekta aliyaangalia kwa muda mrefu. Damu ile ilirukia mguu kwanza. Kitambaa kikaja baadaye. Kwa hiyo mtu alisimama humu, maiti ikiwa chini, akamhudumia farasi.

"Nani alifunga mguu huu?"

"Sijue, mama," alisema Belyse. "Pengine Frédéric mwenyewe."

Sévère akacheka kwa pua. "Frédéric? Ule alikuwa ananunua bandeji za kuvutika kule Bujumbura. Magome ya mugomba alikuwa anayachekelea. Ile ni mambo ya Damien."

"Damien ni nani?"

Sévère akaangalia pembeni. Belyse ndiye aliyejibu.

"Ni baba yangu."

Uwanja ule wa mbio uko kwenye tambarare, ukishapita Kavimvira, kitongoji cha Uvira, kati ya mashamba ya mpunga na njia ya kwenda mpaka wa Burundi. Farasi wenyewe si wengi, na kila mkazi wa pale anawajua kwa majina kama watoto wa jirani. Damien Itangishaka ndiye aliyekuwa mkufunzi wao tangu uwanja ungali majani matupu. Kisha siku moja Mvua alishinda kwa urefu wa kustaajabisha, mkojo wake ukapimwa, ikaonekana dawa ya kuongeza kasi.

"Alikana," Sévère alieleza, wamesimama chini ya kibaraza cha bati. "Akaapa hajatia kitu. Lakini sheria ya mbio haiulize nani alishika sindano, mama. Kile kinakutwa ndani ya mwili wa farasi, mukufunzi njo yeye anakijibia. Tukamusimamisha."

"Kusimamishwa maana yake nini, hasa?"

"Leseni tunaichukua. Hakanyage uwanjani, hashike farasi, haagize mufanyakazi ginsi ya kuzizoesha. Farasi zinaenda kwa mukufunzi mwingine, na awe mukufunzi kweli, siyo jina tu. Asubuhi tunakuya kuangalia bila kupiga hodi. Akikamatwa anafundisha kwa mulango wa nyuma, ile azabu ya muda inakuwa ya maisha. Na mwenye kumusaidia anaenda naye."

"Mkufunzi mwingine akawa Frédéric."

"Alikuwa musaidizi wake. Muntu wa kimya."

"Na binti mkamwacha."

"Binti hana leseni ya kuchukua. Na Mvua haimukubali mwingine." Akajifuta jasho. "Musimu hii ya mvua ikiisha, Damien alikuwa anarudishiwa farasi zake. Ilibaki kidogo tu."

Damien hakuwa mbali. Inspekta alimkuta nje ya uzio, ng'ambo ya mfereji wa mpunga, amekaa juu ya jiwe lililolainika kwa kukaliwa. Mzee mwembamba, shati lake jeupe limepigwa pasi, kofia ya ukindu kichwani.

"Karibu, mama. Kiti ni hili jiwe tu."

"Unafanya nini hapa, Papa Damien?"

"Niko naangalia. Sheria imekataza kuingia. Kuangalia haijakataza."

"Na leo alfajiri?"

"Nilikuwa hapa hapa. Nikivuka ule mufereji, nimekwisha. Sijauvuka hata siku moja, uliza kila muntu."

"Frédéric amekufa."

"Nimesikia kelele." Alisema hivyo bila furaha na bila huzuni. "Nilimufundisha kutoka hajajua hata kushika kamba."

Ndani ya uzio, Belyse alikuwa akikimbia polepole pembeni ya farasi mwingine mwekundu, kamba mkononi, maana wanyama hawajui msiba. Damien akavua kofia, akaiweka juu ya goti. Kule uwanjani Belyse akapunguza mwendo. Baada ya kitambo mzee akaivaa tena. Belyse akakimbia.

Inspekta Pélagie aliiona kofia, akamwona binti. Aliagana na mzee kwa heshima, akarudi kwenye pikipiki iliyomleta.

Majibu ya daktari hayakuchelewa. Frédéric alipigwa na kitu cha chuma chenye uso wa duara, na matone yaliyokuwa chini ya bandeji yalikuwa damu ya mtu. Inspekta akatuma askari wakamlete Damien kwenye ofisi yake mjini Uvira. Kufikia hapo habari ya magome ya mgomba ilikuwa imeshazunguka Kavimvira nzima, kwa wabadilisha pesa na kwa wauza dagaa.

Mzee alikiri hata kabla ya kukaa.

"Minye njo nilimuua."

"Juu ya nini?"

"Alikula mahali pangu."

"Kwa kitu gani?"

"Nyundo. Ile ya kupigia viatu vya farasi."

"Halafu?"

"Halafu Mvua ilikuwa inatoka damu. Nikaifunga mguu, ginsi ninafungaka siku zote. Magome chini, kitambaa juu."

"Mguu upi?"

Macho ya Damien yakazunguka ukuta wa ofisi kana kwamba jibu limebandikwa pale.

"Wa mbele," alisema mwishowe. "Wa kuume. Ule njo mugonjwa tangu ikiwa mutoto."

"Ulikuwa wa nyuma, Papa Damien. Wa kushoto."

Mzee akainamisha kichwa. Kosa lake lilikuwa utii. Angevunja sheria mara moja tu, akavuka mfereji kumtazama farasi wake, angejua mguu upi una kidonda.

"Magome yale umemfundisha nani mwingine?"

"Mama, minye nimekwisha kukiri. Andika."

"Nimekuuliza nani."

Mzee alichukua kalamu mezani, akamsogezea Inspekta.

Belyse aliletwa jioni ile ile. Alikaa wima, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Baba yako amekiri," alisema Inspekta.

"Anadanganya."

"Najua. Hakujua mguu."

Msichana akatazama chini.

"Mvua ilichanika kwa bati wakati Frédéric alianguka," alisema. "Iliogopa damu. Ilikuwa inainua ule mguu, inaniangalia. Nilikuwa na njia ya kukimbia, mama. Nilifika mpaka mulangoni. Nikarudi kuifunga."

"Kwa nini ulimpiga?"

"Aliona kofia."

Inspekta akaweka kalamu chini. "Nieleze ya kofia."

"Baba akiiweka kwa goti, ni kupunguza mwendo. Akiigeuza nyuma, farasi iko inachoka, irudi. Akiivua na kujipepea, iachiwe ikimbie. Hatukusemezana hata neno moja. Nyumbani hata jina ya farasi hatukutaja, juu sheria imekataza kusema." Alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. "Frédéric hakujua kuzizoesha. Zingekufa. Kila ushindi wake ni kofia ya baba."

"Akagundua."

"Alfajiri ile alinikuta ninapiga Mvua burashi. Akaniambia, weye na muzee wako munanifanya mupumbavu, leo ninapeleka habari kwa komite. Nikapiga magoti, mama. Kwa majani pale, nikamushika viatu. Nikamuambia, Frédéric, muzee akifungiwa maisha atakufa, yeye hana kitu ingine. Akacheka. Akasema muzee hakujua hata ile mambo ya kwanza, ya dawa. Akasema, ile sindano ni minye nilimupiga Mvua, na hakuna hata mumoja aliniuliza. Wakasimamisha ule mwenye jina."

Aligeuka akatazama mlango wa ofisi.

"Akanigeuzia mugongo afungue mulango. Nyundo ilikuwa inaninginia kwa musumari. Nikaitupa kwa mufereji."

Askari waliopoa nyundo kesho yake, palepale alipowaonyesha. Inspekta aliandika maelezo yote kwa mkono wake, na alipofika kwenye kofia Belyse akanyoosha kidole juu ya karatasi.

"Mama, ile ya kofia usiiandike. Nakuomba. Andika tulipigana tu. Ukiandika kofia, nimemuua bure."

"Nisipoandika kofia siwezi kuandika sindano. Vilitoka kwenye mdomo mmoja, wakati mmoja. Na bila sindano, jaji ataona umeua mtu asiye na kosa."

"Aone."

Inspekta Pélagie akaandika. Aliandika polepole, ya kofia na ya sindano.

Damien alipofunguliwa alimkuta Sévère ofisini kwa Inspekta, amevaa koti la heshima.

"Tumesikia juu ya sindano, Papa Damien," alisema Sévère bila kumtazama usoni. "Komite imesikitika. Lakini sheria ya dawa iko vile vile, mukufunzi njo anajibia. Na ya kofia nayo tumeisikia." Akakohoa. "Ni ya maisha."

Mzee alivua kofia yake ya ukindu, akaiweka juu ya meza ya Inspekta, kando ya mfuko wenye nyundo, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Mvua mguu wake uko namna gani?"

"Usimujibu, mama," alisema Sévère. "Haruhusiwe kuulizia farasi."

Inspekta alikuwa amepita bandani asubuhi ile. Alikumbuka mkasi wake ukikata kitambaa, na jinsi hakuna aliyeweza kuufunga vizuri mguu ule baada yake.

"Umevimba," alimwambia mzee. "Wamejaribu kuufunga. Hakuna anayejua."