Mbolea ya Baba na Kihenge Kitupu

Kila asubuhi kabla ya shule, Kristiana aliwatoa zizini maksai wawili wa plau. Chuma, yule mwekundu, alikuwa kipenzi chake. Alimkuna chini ya shingo huku akimsimulia habari za darasa la tano, naye Chuma alisikiliza vizuri kuliko wadogo zake wote.

Walikaa kijiji kimoja karibu na Sumbawanga. Kwa miaka mingi mbolea ya chumvichumvi ilifika kwenye chama cha ushirika kwa bei nafuu, kwa sababu serikali ililipia sehemu ya gharama. Hiyo ndiyo ruzuku. Kwa raha hiyo baba yake, Gaudensi, aliacha kulima intumba, yale matuta ya Wafipa ambamo nyasi hufukiwa zioze na kurutubisha udongo. Alisema ni kuvunja mgongo bure.

Mwaka ule ruzuku ikaondolewa, na bei ya mbolea ikaruka.

"Baba, mwalimu anasema nchi yetu imekopa, na waliotukopesha ndio waliotaka hivyo," Kristiana alisema. "Lakini kwao wenyewe wakulima bado wanasaidiwa."

"Basi sheria hiyo ni ya maskini peke yao," baba alijibu kwa uchungu.

Lori la mfanyabiashara wa mjini lilipofika, Gaudensi alifungua kihenge, ghala lao la mahindi.

"Hicho ni chakula cha watoto," mama yake, Bibi Silvana, alimwonya. "Rudia intumba, mwanangu."

"Mama, bila mbolea hatuvuni kitu. Nikivuna, nitakijaza tena."

Alikuwa mbishi huyo, tena mbishi mwenye nia njema, na hao ndio wagumu kuliko wote. Akauza mahindi yote, akanunua mbolea.

Mwezi wa pili mahindi yalisimama shambani, yamestawi kweli, lakini hayajabeba. Nyumbani waliishi kwa uji mwepesi. Adolfu, mdogo wake Kristiana wa mwisho, akaanza kuvimba miguu kwa njaa. Ndipo alipokuja Mboje, mfugaji Msukuma wa Mtowisa, akiwa na magunia ya mahindi. Alitaka kubadilishana na Chuma.

"Baba, usimtoe! Tutoe kitu kingine!"

"Kitu gani, mwanangu?"

Kristiana aliitazama miguu ya Adolfu, akaenda zizini. Moyo ulimuuma mno. Alimpeleka Chuma yeye mwenyewe, ila kamba hakuiachia.

"Shikamoo," alisema huku analia.

"Marahaba, mama. Nitamtunza." Mboje hakuivuta kamba. Alisubiri mpaka vidole vya mtoto vikalegea.

Jioni ugali ulipikwa. Kristiana hakuugusa. Baba akasogea karibu yake.

"Walioondoa ruzuku hawatujui, wala hawakutuuliza," alisema. "Lakini kihenge nilikifungua mimi. Chakula cha nyumba hakiuzwi kabla kingine hakijaingia. Likumbuke hilo, mwanangu, maana mimi nimelijua nimechelewa."

"Na plau?"

"Maksai mmoja havuti plau. Mvua zikipungua tutalima intumba kwa jembe la mkono, bibi yako atuelekeze. Sasa kula."

Adolfu alikuwa anakula kwa mikono miwili. Kristiana akamega tonge, machozi yakimdondoka. Ugali ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.