Alimpa Tyubu Yake Aende Kuposwa na Mwingine

"Usiiguse baiskeli yangu!"

"Sijaigusa bado, mwalimu. Nimesimama tu."

"Basi endelea na safari yako."

"Siwezi. Umeipindua."

Bernadina akakunja uso, maana hapo Donatus alikuwa amesema kweli. Baiskeli ya Bernadina ilikuwa kando ya barabara ya Tinde, tandiko na usukani chini, magurudumu juu. Mwaka ule wa 1980, huko Shinyanga, hakuna mwendesha baiskeli aliyeona baiskeli imepinduliwa hivyo akapita. Ungepita, habari zako zingefika kijijini kabla yako. Unashuka, unasalimia, unauliza imekuwaje. Akiwa adui yako, unashuka. Akiwa mwanamke aliyekukataa, ndugu yangu, unashuka pia.

Na huyu ndiye alikuwa mwanamke mwenyewe.

"Mwangaluka," Donatus akasema, akiegemeza baiskeli yake kwenye mgunga.

"Mwangaluka," Bernadina akaitikia amenuna. Salamu haikataliwi.

"Imekuwaje?"

"Pancha. Gurudumu la nyuma."

Donatus alikuwa seremala wa Shinyanga mjini. Asubuhi hiyo alikuwa amefunga vigoda kwenye keria, anavipeleka mnadani Tinde. Bernadina alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, kwenye shule moja karibu na Samuye, kwao ni huko karibu na Tinde, na alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge, sasa limejaa vumbi mpaka magotini. Mwaka mmoja kabla ya hapo hawa wawili walikuwa wachumba. Watu walikuwa wamekwisha kuwazoea pamoja, yule mrefu asiye na maneno na yule mfupi mwenye maneno ya watu wawili.

Donatus akachomoa mipini ya vijiko aliyoifanya kuwa vyuma vya kufungulia tairi. Akakaa chini, akaanza kazi.

"Unawahi wapi namna hii?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nyumbani. Kuna wageni."

"Wageni wa wapi?"

"Donatus, fungua tairi."

"Nafungua. Wa Geita?"

Bernadina akatazama upande wa pili. "Wa Geita. Wanafika saa sita. Mshenga wa Gelasius, yule mfanyabiashara."

Vijiko vikasimama kidogo, kisha vikaendelea.

"Basi usichelewe," Donatus akasema. "Baba yako hapendi kuchelewa."

Hapo Bernadina akashindwa kujizuia. Mwanamke alikuwa amebeba neno hilo rohoni mwaka mzima, na sasa mtu mwenyewe amelichokoza!

"Una ujasiri wa kutaja kuchelewa wewe? Wewe?"

Niwaeleze kilichotokea, msije mkamwona dada wa watu ana mdomo bure. Siku ya posa ya Donatus, Mzee Ngassa, baba yake Bernadina, alichinja mbuzi na kukalisha wazee wa ukoo. Mshenga alifika alasiri. Lakini mzee alikuwa amesema wazi kwamba anataka kumwona muoaji mwenyewe kwa macho yake, na muoaji hakuonekana mpaka jua likazama. Alifika kesho yake, kwa miguu, anasukuma baiskeli, midomo imekauka. Akasema neno moja tu: "Baiskeli iliniharibikia njiani." Na msiniulize kwa nini hakupiga simu. Simu gani? Ya karibu ilikuwa posta, ya kukoroga, na nyumbani kwa Mzee Ngassa kilichokuwa kinalia ni jogoo.

Mzee Ngassa alimcheka mbele za watu. "Barabara hii haijawahi kumlaza mtu kwa pancha," alisema. "Pindua baiskeli, kabla hujajifuta jasho watu wamesimama. Wewe hukulala njiani. Ulilala kwa mwanamke. Ondoka kwangu."

Na Bernadina aliamini. Angeachaje kuamini? Alizaliwa kando ya barabara ile, hakuwahi kuona mtu aliyekwama akaachwa. Uungwana wa waendesha baiskeli ndio uliomhukumu Donatus. Bernadina akatuma ujumbe kwamba asimwone tena, na Donatus, kwa kile kichwa chake kigumu, akatii.

"Tyubu yako imekufa," Donatus akasema sasa, ameishika mkononi. "Imechanika kwenye vali. Hapo kiraka hakishiki."

"Mungu wangu. Na saa sita ndiyo hiyo inakuja!"

 Donatus akainuka, akafungua kamba, akashusha vigoda vyake vyote chini, akaipindua baiskeli yake mwenyewe na kuanza kufungua gurudumu la nyuma.

"Unafanya nini?"

"Nakupa yangu."

"Na wewe utafikaje mnadani?"

"Nitasukuma."

"Kwa nini usijaze majani kwenye tairi? Watu wanajaza."

"Majani hayafiki Tinde kutoka hapa. Yanasagika yote, halafu tairi linachanika, ringi inaanza kula mawe. Mwisho unasukuma tu."

"Unajuaje?"

Donatus akainamia gurudumu.

"Donatus, nakuuliza. Umejuaje kwamba majani hayafiki Tinde?"

Akawa anavuta tyubu taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto.

"Nilishajaribu," akasema.

"Lini?"

"Bernadina, wageni wako..."

"Waache wageni! Lini?"

Donatus akapumua. "Siku ile. Ilikuwa alasiri, hapa hapa karibu, ule upande wa bondeni. Nilikuta mtu amepindua baiskeli. Alikuwa na mkewe, amembeba kwenye keria, uchungu umemshika, wanakimbilia hospitali. Mama wa watu amekaa chini anauma kanga. Tyubu yao imekwisha kabisa. Sasa ningefanya nini?"

"Ukawapa yako."

"Nikawapa yangu."

"Walifika?"

"Sijui. Sikuwauliza hata majina. Naomba Mungu kila ninapopita hapa."

Bernadina alikaa chini kwenye vumbi, gauni jipya na yote.

"Lakini kwa nini hukupindua yako ukasubiri? Mtu angesimama."

"Ndiyo maana sikuipindua." Akamgeukia kwa mara ya kwanza. "Mwaka jana dukani kulikuwa na tyubu? Mwaka huu zipo? Kila mtu ana moja tu, ile anayoikalia. Ningepindua, mtu angesimama, na akisimama hawezi kuondoka bila kutoa. Ningekuwa nimemvua mwingine aende kwa miguu badala yangu. Nikajaza majani. Yalipokwisha nikasukuma. Watu walinipita wakanisalimia, nikawaambia napumzisha miguu."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha."

"Na baba alipokutukana ukanyamaza! Mimi nilipokutumia ujumbe ukanyamaza! Wewe mwanaume ni mtu wa namna gani?"

"Ningesema nini? Siku ya posa, mtu anasimama mbele ya wazee kutaja mema aliyotenda? Wangeona natafuta kupunguziwa ng'ombe. Nilisema baiskeli iliharibika. Ilikuwa kweli."

"Ulisema neno moja, Donatus! Neno moja! Ungesema matano tungekuwa na mtoto sasa hivi!"

Alikuwa analia. Donatus hakujua aweke wapi mikono yake, akaamua kuiweka kwenye pampu. Akajaza upepo, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akasimamisha baiskeli ya mwalimu juu ya magurudumu yake.

"Iko tayari. Ukikaza utafika saa sita haijagonga."

"Unanipa tyubu yako niende kuposwa na mwanaume mwingine?"

"Nakupa kwa sababu umekwama. Hayo mengine ni yako na baba yako."

"Bado unanitaka?"

Donatus akatikisa kichwa. "Usiniulize hilo hapa. Nikikujibu sasa, itakuwa nimekuuzia tyubu."

Mwanaume yule! Mwingine hapo angepiga magoti, angetoa machozi, angetunga na wimbo. Yeye akaanza kufunga vigoda vyake. Bernadina akapanda baiskeli akaondoka, na machozi yake yakawa yanakauka kwa upepo wa mwendo.

Alipoingia uani, wageni walikuwa wamekaa tayari. Mshenga wa Gelasius alikuwa Mzee Ansgar, mtu mzima mwenye kofia safi na sauti ya kanisani. Mbuzi alikuwa jikoni. Mzee Ngassa aliliona vumbi kwenye gauni la binti yake, akafumba macho kidogo.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, binti."

"Bernadina," Mzee Ngassa akasema, "wageni hawa wametoka mbali. Wanasema wameona jiko hapa kwetu. Tupokee mzigo wao, au tusipokee?"

Mama yake akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Baba, nawashukuru sana wageni hawa. Gelasius ni mtu mzuri, hajanikosea. Lakini hapana. Msipokee."

"Unasema nini?"

"Nasema hapana, baba. Nisamehe."

"Unanivua nguo mara ya pili!" Mzee Ngassa akasimama. "Mwaka jana yule seremala muongo, mwaka huu wewe!"

"Hakuwa muongo!"

Akayamwaga yote palepale, mbele ya wageni. Yule mama kwenye keria, majani, usiku, watu waliosalimiwa wakaambiwa miguu inapumzishwa. Kisha akaionyesha baiskeli yake iliyoegemea ukuta.

"Na hiyo tyubu iliyonileta hapa leo ni ya kwake. Alijua nakuja kwa nani. Akaitoa kwenye baiskeli yake akanipa, akaniambia nisichelewe, kwa sababu wewe hupendi kuchelewa."

Mzee Ngassa alisimama vilevile, lakini hasira ilikuwa imemtoka. Ujanani alibeba pamba kwa baiskeli barabara ileile, na mikono ya watu asiowajua ilimwinua mara nyingi.

"Mtu mmoja amefanya hivyo mara mbili?" akauliza.

"Mara mbili ninazozijua mimi."

"Yuko wapi sasa?"

"Huko nyuma. Anasukuma."

 Mzee Ansgar akaivua kofia yake akaiweka gotini.

"Mzee mwenzangu, mimi nimeposea watu wengi. Binti ambaye roho yake iko barabarani hachukuliwi, atakutesa. Nitamwambia Gelasius ukweli. Ataumia, atapona, bado kijana. Ila chakula tutakula, maana nasikia harufu ya huyo mbuzi tangu tumekaa, na mimi sijakasirika hata ninyimwe."

"Mtakula, ndugu yangu. Mtakula na kubeba. Wabeja sana kwa moyo huo," Mzee Ngassa akashukuru, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Kisha akaingia ndani. Wakasikia anahamisha magunia. Akatoka na kitu kimefungwa kwenye gazeti, akalifungua, na ndani yake mlikuwa na tyubu mpya, ina unga wake wa dukani bado.

"Ngassa!" mkewe akapiga kelele. "Kumbe tunayo tyubu! Na mimi natembea kwa miguu kisimani, baiskeli yangu imelala bila tyubu!"

"Nilikuwa naiweka kwa ajili ya dharura, Mama Bernadina."

"Dharura gani?"

"Hii."

Akatoa baiskeli yake, mzee wa watu, akapanda na koti lake la posa. Bernadina akamfuata nyuma. Walimkuta Donatus mbali bado, peke yake juani, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umezuia vigoda visianguke. Alipowatambua akasimama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kutukanwa tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee Ngassa akashuka. Alikuwa anahema. "Mwaka jana nilikuita muongo mbele za watu."

"Yamepita, baba."

"Hayajapita. Nilikufukuza kwangu, na wewe umempa binti yangu tyubu yako aje kukubali mwingine. Mimi ni mzee, nimeona watu, lakini wewe sikukuona. Nisamehe, mwanangu."

 Donatus akapiga goti moja kwenye changarawe, na mzee akamwinua kabla halijatulia.

"Inuka, inuka. Chukua hii." Akamkabidhi tyubu mpya. "Wazee bado wamekaa nyumbani, na mbuzi yupo. Nimekuja kukualika mwenyewe."

"Wabeja, baba. Wabeja sana."

"Mimi ndiye wa kusema wabeja."

Bernadina akaiegemeza baiskeli yake, ikiwa imesimama sawasawa kwenye magurudumu yote mawili, akaja mbele ya Donatus.

"Sasa hivi sijakwama, na wewe una tyubu yako. Hakuna anayemuuzia mwenzake kitu. Nijibu."

Mzee Ngassa akajifanya anakagua vali ya baiskeli yake.

"Nakutaka, Bernadina," Donatus akasema. "Nimekutaka mwaka mzima, kila siku niliyoamka. Nilikuwa nakwenda mnadani Tinde hata siku ambazo sina cha kuuza, nipite tu karibu na kwenu. Nashukuru umepata pancha leo. Mungu anisamehe, lakini nashukuru."

Bernadina aliyahesabu maneno hayo vidoleni, kimoja kimoja, mpaka vidole vikamwisha.

"Baba umesikia? Maneno yote hayo, alikuwa nayo!"

Akamkumbatia palepale barabarani, mbele ya baba yake, jambo ambalo wakati huo halikufanywa.  Mzee Ngassa alikuwa ameshachukua vile vijiko, amekaa chini na koti lake la posa, anamfungulia mkwewe tairi.