Mpangaji Mwenye Kibali

Ukuta ulikuwa unakunywa maji. Si kuvuja, kuvuja tunakujua, ni mafua ya kila nyumba. Huu ulikuwa unakunywa hasa, gudu, gudu, gudu, kama mtu aliyekimbizwa na mbwa, kisha ukanyamaza, kisha ukapiga mbweu.

"Umesikia, kaka?" aliuliza dada aliyepanga hapo, mama aliyejifungua juzijuzi.

Kaka mtu alikuwa mhandisi wa kupitisha michoro ya mabomba, umeme na mitambo ya majengo. Bila muhuri wake hakuna ghorofa iliyopata hata choo. Ofisini walimwita Gonga-Twende, maana alifungua karatasi ya kwanza, akafungua ya mwisho, na za katikati akamwachia Mungu. Hata jengo hili alilipitisha yeye.

"Ni hewa imeingia bombani," alisema.

"Hewa inapiga mbweu?"

"Inategemea imekula nini."

Akacheka peke yake. Mdogo wake akampakatisha mtoto. Kichanga kilikuwa chepesi kama kikapu kitupu, midomo imepasuka, kinalia bila chozi.

"Hilo dude lilianza na maji ya ndoo," alinong'ona dada. "Likaja kwenye maziwa yangu. Nayasikia yakivutwa, kaka, yanaelekea ukutani. Hospitali wanamtundikia dripu, na huko huko anakauka. Limeshamwonja, haliachi."

Jua la mchana lilijaa jikoni, na bado pale ukutani palinuka tope la kisima na nywele zilizoungua. Gonga-Twende akaacha mzaha.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mnene asiye na subira. Aliweka sikio ukutani, akauliza jambo chini chini, akajibiwa, akafunga mkoba wake.

"Simtoi."

"Umeshindwa, mama?"

"Nishindwe na nani? Mimi nafukuza wavamizi. Huyu ni mpangaji. Anasema ana kibali, na aliyempa kibali ni wewe."

Gonga-Twende alikwenda ofisini mbio, akarudi na michoro, akaitandaza sakafuni. Kwa mara ya kwanza akafunua karatasi za katikati. Kati ya jikoni na chumba cha kulala, mahali ambapo macho yaliona ukuta mtupu, palichorwa chumba kisicho na mlango wala taa. Bomba la maji liliingia. Bomba la hewa liliingia. La kutoa maji machafu halikuwepo. Kilichoingia humo hakikutarajiwa kutoka. Na pembeni, mwekundu kama jeraha, muhuri wake: IMEPITISHWA.

"Nani alichora hiki?" dada aliuliza.

"Wa kuchora mwache," mganga alisema. "Huyu hapa ndiye wa kupitisha. Haya, baba, futa. Kwa mkono wako, kwa sauti, naye akusikie."

Gonga-Twende akashika kalamu, akaiachia.

"Nikifuta karatasi hii, jengo zima limekosa idhini. Watu wote watatolewa nje. Na mimi nitanyang'anywa muhuri."

"Kaka, unapiga hesabu juu ya kichwa cha mwanangu?"

"Nasema tuzibe kwanza na saruji, halafu..."

Ukuta ukacheka. Kicheko kilianzia nyuma ya sinki, kikapanda kwenye bomba la bafuni, kikashuka na kuzunguka chumba cha kulala, na kila kilipopita koki zilijifungua zenyewe zikivuta hewa badala ya kutoa maji, glasi ya mezani ikakauka mbele ya macho yao, jasho likafyonzwa usoni mwa mganga, na kile kichanga kikafumbua kinywa kulia lakini sauti haikutoka, ulimi ukabaki juu mweupe kama chaki, na hapo Gonga-Twende akaikamata kalamu kwa mikono yote miwili akaandika huku akipiga kelele kama mwendawazimu, "Imekataliwa! Imekataliwa! Kibali nimekifuta mimi niliyekitoa!"

Koki zikajifunga zote.

"Sawa, mhandisi," ilisema sauti ya upole kutoka kwenye sinki. "Mimi naheshimu sheria. Nitaomba upya."

Chozi moja likamtiririka mtoto shavuni.

Jengo lilifungwa. Wapangaji walipita na magodoro yao wakimrushia Gonga-Twende matusi ya kila ukubwa, na muhuri wake ukachukuliwa. Dada na mwanawe akawahamishia nyumbani kwake. Wangekwenda wapi tena? Kisha akarudi ofisini kukusanya vitu vyake. Mwenzake wa meza ya pili alimpokea kwa tabasamu.

"Pole, kaka. Usijali, michoro yako nimeipitisha."

"Michoro gani?"

"Ya ukarabati wa nyumba yako! Fundi wako ameileta asubuhi. Mtu mwenye adabu, ila ana kiu huyo! Jagi zima la maji kalimaliza kwa pumzi moja. Sikusoma hata karatasi moja. Wewe si mwenzetu?"

Gonga-Twende alimshika kola. "Ifute! Kwa mkono wako, sasa hivi!"

Tabasamu likazimika. Mwenzake akajinasua, akautia muhuri wake mfukoni.

"Nifute, wajue sikusoma? Nifukuzwe kama wewe? Nina watoto mimi."

Simu ya Gonga-Twende ikaita. Alikuwa dada yake.